Akikujia na "shida kidogo" baada ya ibada: mchungaji, padri, shehe, fanya hivi

Hakuna mtu anayeingia ofisini kwa mchungaji akasema moja kwa moja nimebakwa, au mume wangu ananipiga. Anasubiri watu waishe, anajifanya anapanga viti au anakusanya mikeka, alafu anakusogelea anasema "mchungaji nilikua na shida kidogo", au "ustadh kuna kajambo nataka nikuulize". Ukisikia hiyo "kidogo" na hako "kajambo" na unaona hakuangalii usoni, weka funguo zako chini, ukae, mana inawezekana amejipanga miezi sita kufika hapo mlangoni na ukimwambia njoo wiki ijayo hatokuja tena.

Nayaandika haya nikiwa mzee wa kanisa huku Tanga, nimekua kwenye kamati ya wanawake miaka 11, na miaka ya karibuni tunakaa pamoja na akinamama wa msikiti wa jirani kwa sababu tuligundua kesi zetu zinafanana kabisa, tofauti ni jina la siku ya ibada tu. Na naandika pia kwa sababu mwanzoni niliharibu. Alinijia dada mmoja wa kwaya akaniambia mume anampiga, mimi nikamsomea ule mstari wa mwanamke mpumbavu kuibomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, nikamwombea, nikamrudisha nyumbani. Baada ya wiki tatu nikamkuta hospitali mkono umevunjika mara mbili. Hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndo inaniuma mpaka leo.

Dakika za kwanza

Kazi yako hapo sio kuchunguza. Wewe sio polisi wala sio hakimu wala sio daktari, kazi yako ni kusikiliza na kuhakikisha huyu mtu akitoka hapo yuko salama kuliko alivyoingia. Mpe kiti kilicho karibu na mlango, mlango wenyewe uwe wazi kidogo lakini watu wasisikie, muulize kama anataka mama fulani awepo. Alafu nyamaza. Viongozi wa dini tumezoea kuongea, ukimya unatuwasha, lakini hapa ukimya ndo huduma.

Akimaliza, maneno matatu yanatosha: nakuamini, sio kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Usiongeze "lakini". Usimuulize ulikua umevaa nini, ulienda kufanya nini kwake usiku, mbona hukupiga kelele. Watu wengi wakishambuliwa mwili unaganda, sauti haitoki, mikono haisogei, na huyu mtu kila siku anajiuliza mwenyewe mbona sikupiga kelele, sasa ukimuuliza na wewe unakua umepigilia msumari.

Usimwekee mikono kichwani kumwombea bila kumuuliza. Najua hii inawashangaza wachungaji, lakini mtu aliyeshikwa kwa nguvu hataki kushikwa, muulize "ungependa tuombe?" akisema hapana basi, utamwombea ukiwa peke yako. Na nawasihi sana msikimbilie kukemea pepo au kumsomea kisomo kana kwamba tatizo liko ndani yake. Hapigwi na jini, anapigwa na mtu mwenye jina.

Kitu kingine, usiahidi "haya ni siri yangu mimi na wewe mpaka kaburini". Mwambie ukweli mapema: sitamwambia mtu asiyehusika, sio mke wangu, sio baraza la wazee, sio grupu la WhatsApp la maombi, lakini kama kuna mtoto anaumizwa au maisha yako yako hatarini nitahitaji kuwaambia watu wa kusaidia, na nitakwambia kwanza kabla sijawaambia. Hilo grupu la maombi ndo limeua imani ya watu wengi, mtu anaposti "tumwombee dada yetu F. anapitia magumu kwenye ndoa" ndani ya dakika kumi mtaa mzima unajua F. ni nani.

Saa 72

Kama ni ubakaji au ulawiti na umetokea ndani ya siku tatu, acha kila kitu, ni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zile wanaita PEP, lazima zianze ndani ya saa 72 na kila saa inayopita zinapungua nguvu, alafu anazimeza siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina muda wake, siku tano, na mapema ndo bora. Kuna viongozi wanataka kubishana hapo kuhusu mafundisho, mimi nasema mwacheni aongee na daktari, aamue mwenyewe, wewe kazi yako ilikua kumfikisha.

Asioge, asifue zile nguo, kama anaweza avumilie asinawe kwanza. Nguo kama ameshazivua ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, sio ya plastiki mana unyevu unaharibu ushahidi. Kama ameshaoga usimgombeze, bado anaenda. Na kama zimepita siku kumi au mwaka mzima bado anaenda, kuna vipimo, kuna majeraha, kuna ushauri nasaha, na kesi haifi kwa sababu ya kuchelewa.

Kwa Tanzania mnapita polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto mnachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni bure, lakini kama hali ni mbaya nendeni hospitali kwanza fomu itafuata. Kuna hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako sehemu moja, kama Amana pale Dar na Mnazi Mmoja kule Unguja, ili mtu asirudie stori yake milango minne. Ulizia mapema mkoani kwenu kipo wapi, usisubiri mpaka saa nane ya usiku ndo uanze kupigia watu. Simu ya watoto ni 116, bure. Kwa ndugu zetu wa Kenya 116 ni hiyohiyo ya watoto, na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na fomu ya polisi kule ni P3.

Nenda naye au mtume mama anayemwamini. Nauli toeni kwenye mfuko wa huduma, au zaka, au sadaka, tunachangia harusi mamilioni hatushindwi elfu kumi ya bajaji.

Akiwa ni mtoto

Hapa hakuna kuchagua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba mtoto anadhulumiwa aripoti kwa serikali ya mtaa au kijiji, haijasema isipokua wachungaji na maustadh. Mtu mzima unamshauri na anaamua mwenyewe lini aende polisi na unaheshimu hata ukiona anakosea, lakini mtoto unaripoti leo.

Usimhoji. Ukimuuliza mtoto "ni baba mdogo ndo alikufanyia hivi?" umeshamtilia maneno mdomoni na wakili wa utetezi atakushukuru sana. Muulize tu "ikawaje?" na uishie hapo, aliyefunzwa atamhoji mara moja. Alafu kaa chini uandike alichosema kwa maneno yake, kama kasema "alinichezea huku" andika hivohivo usigeuze kuwa lugha ya kitabu, weka tarehe, saa, saini, funga kwenye kabati. Usimrekodi video.

Na kabla hujawaita wazazi fikiria kwanza nani anakaa kwenye ile nyumba. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili kwa watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na wengi waliotenda walikua watu wanaowajua. Hao wavulana tunawasahau kabisa. Mtoto wa kiume akianza kukataa kwenda madrasa au Sunday school tunamchapa kwamba ni mtoro, hatumuulizi kuna nini kule.

Ndoa

Mume anapiga, mke kaja kwako, na mkono wako unataka kushika simu umuite mume "tuyamalize". Usimpigie. Ukimpigia umemwambia kwamba mkewe amesema, na usiku huo atalipia. Kumkalisha mpigaji na mpigwaji meza moja sio usuluhishi, mana mmoja anaongea na mwingine anaangalia uso wa mwenzake ajue akifika nyumbani atapigwa kiasi gani, atasema "tuko sawa mchungaji", nyie mtafunga kwa sala mnafikiri mmeokoa ndoa.

Muulize badala yake, mkiwa wawili: amewahi kukukaba shingo? Amewahi kukutishia kukuua? Kuna panga au silaha ndani? Una mimba? Vipigo vinaongezeka? Kukabwa shingo hasa usipuuze hata kama hakuna alama, ni moja ya dalili kubwa kwamba siku moja ataua. Na wakati wa hatari zaidi ni pale mwanamke anapoondoka au akisema anaondoka, kwa hiyo usimwambie tu "si umuache", saidieni kupanga: begi dogo liwekwe kwa mtu wa kuaminika, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki, dawa, nauli, namba ya simu aliyoishika kichwani.

Na wale wanaosema dini inamruhusu mume kumrudi mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake hata kama mila inasema vingine. Ni sheria ya tangu enzi za Mwalimu sio kitu kilicholetwa juzi na wazungu. Najua mabaraza ya usuluhishi wa ndoa mengi yako chini ya makanisa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, na sheria hiyohiyo inawataka wanandoa wapite huko kabla ya kuomba talaka, ila kusuluhisha ugomvi wa matumizi ya nyumbani ni jambo moja na jinai ni jambo lingine. Baraza halina mamlaka ya kusamehe mkono uliovunjika.

Msamaha, stara na masihi wa Bwana

Hapa nataka nikae kidogo mana ndo panapotuangusha.

Kwetu wakristo neno linaloumiza ni "samehe". Linasemwa siku ya pili, kabla hata uvimbe haujashuka. Someni 2 Samweli 13, Tamari kabakwa na ndugu yake Amnoni, na Absalomu kaka yake anamwambia anyamaze, ni nduguyo, usilitie moyoni. Baba yao Daudi alisikia akakasirika sana, na Biblia haionyeshi alichomfanya Amnoni. Baada ya miaka miwili Absalomu akawaamuru watumishi wake, wakamuua Amnoni. Yaani familia nzima ilibomoka kwa sababu ya ile "nyamaza". Msamaha ni wa aliyeumizwa, atautoa akiwa tayari, au hatautoa, na hauna uhusiano wowote na kufuta kesi. Mtu anaweza kusamehe na bado akasimama kizimbani kutoa ushahidi.

Kwa waislamu neno lenyewe ni stara. Shehe tunayefanya naye kazi analieleza vizuri kuliko mimi: ile hadithi ya mwenye kumsitiri muislamu mwenzake Mungu atamsitiri ni kwa mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake, sio kwa mtu anayedhulumu wengine, mana ukimfunika huyo unamwacha anayedhulumiwa uchi. Na anaongeza ile ya kumsaidia nduguyo akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa, maswahaba wakauliza dhalimu tunamsaidiaje, jibu likawa kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo ukimfikisha mtu polisi unaweza ukawa unamsaidia yeye pia. Wa kusitiriwa ni mwenye jeraha: jina lake, picha yake, mambo yake yasizagae.

Alafu kuna lile la "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wa Mungu, linalotolewa kila mtumishi akituhumiwa. Daudi alikua masihi wa Bwana, na alipokosa nabii Nathani akaenda mpaka mbele yake akamwambia wewe ndiwe mtu huyo.

Mtuhumiwa akiwa ni mmoja wetu

Hii ndo mtihani wenyewe. Mchungaji kiongozi, mwalimu wa madrasa, katekista, mzee anayetoa hela nyingi za ujenzi. Na kitu cha kwanza viongozi wanachofikiria ni kumhamisha. Apelekwe usharika mwingine, apewe likizo, aende masomoni.

Waanglikana wamejifunza hili kwa gharama kubwa. John Smyth, wakili aliyekua akisimamia kambi za vijana wakristo Uingereza, alikua anawapiga wavulana kwa fimbo mpaka damu kwenye banda nyumbani kwake. Mwaka 1982 baadhi ya viongozi waliandikiwa ripoti kabisa, wakaamua polisi wasiambiwe, na 1984 yule bwana akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine za vijana huko, akaendelea kupiga. Mwaka 1992 kijana wa miaka 16 akakutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea kambini. Baadaye Smyth akahamia Afrika Kusini, akafa 2018 bila kuhukumiwa. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu baada ya ripoti kuonyesha hakufuatilia ipasavyo alipojulishwa mwaka 2013. Hesabu miaka hiyo. Walifikiri wanalinda jina la kazi ya Mungu, wakaisafirisha shida kuja huku Afrika kwa watoto wetu.

Kwa hiyo: akituhumiwa, anasimama huduma siku hiyohiyo, hahubiri, haongozi swala, hakai na watoto, na mnasema wazi kwamba kusimama sio hukumu. Taarifa inaenda polisi kabla kamati yenu ya ndani haijaanza kuhoji watu, mana mkianza nyie mtavuruga ushahidi na mtampa muda wa kuongea na mashahidi. Mtu mmoja nje ya urafiki wake awe ndo kiungo na familia ya aliyeumizwa. Msipokee "pole" ya bahasha kutoka kwa mtuhumiwa kupeleka kwa wazazi. Kanuni za Adhabu za Tanzania kwenye kifungu cha 130 zimemtaja kabisa kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kubaka, na adhabu ya ubakaji inaanzia miaka 30. Kwa wakatoliki, Papa Francis tangu Mei 2019 alishaweka kwamba padri au mtawa akipata habari lazima aripoti kwa askofu au mkuu wa kanisa mwenye mamlaka, na hiyo haiondoi wajibu wa sheria za nchi.

Padri ataniuliza na kitubio je. Siri ya kitubio haivunjwi, sikwambii uivunje. Lakini aliyeumizwa akikwambia pale, unaweza kumwambia kwa upole hii sio dhambi yako, hauna cha kutubu hapa, naomba tukitoka nje uniambie tena tukiwa tumekaa kwenye benchi, ili niweze kukusaidia.

Miezi inayofuata

Wiki ya kwanza kila mtu anampigia. Mwezi wa tatu hakuna mtu, kesi imeahirishwa mara nne, hana nauli, ndugu wa mtuhumiwa wanakuja usiku kumbembeleza, na kanisani watu wanahama benchi akikaa. Hapo ndo anahitaji watu. Mtu mmoja awe na tarehe za mahakama kwenye kalenda yake na aende naye kila mara, hata kama ni kukaa tu nje mpaka saa saba wakaambiwa rudini tarehe 14. Akikosa usingizi, akiogopa wanaume, akikasirika na Mungu waziwazi, usimtolee mahubiri, mtafutie mshauri nasaha. Akiacha kuja ibadani kwa muda usimwandike kama muasi.

Na mtu anayeondoka kwenye jengo ni aliyetenda. Nimeona mara nyingi binti anaacha kwaya na yule bwana anaendelea kupiga kinanda. Akitubu, akifungwa, akatoka, atafute pa kuabudu ambapo aliyeumizwa hayupo, na viongozi wa huko waambiwe ukweli na asipewe watoto.

Kwa kuzuia sina mengi: hakuna maombezi ya faragha mlango umefungwa, hakuna mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, kwenye mkesha na kambi wasichana na wavulana walale mbalimbali na walezi wawiliwawili, mwalimu mpya wa madrasa apigiwe simu alikotoka na uulize swali moja kwa moja, kuna mtoto yeyote aliwahi kumlalamikia? Na semeni mimbarini. Mara moja kwa mwaka kwenye zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba na Desemba, haitoshi. Sisi shehe alipotaja kupigwa kwa wanawake kwenye khutba ya Ijumaa, na mchungaji wetu akasema hivohivo Jumapili, wiki hiyohiyo wakaja watatu, mmoja ana miaka 61.

Mwisho bandikeni namba, 116, na ya Dawati la polisi wa kwenu, na ya mama mmoja anayepokea simu usiku. Msibandike kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni ambapo ukisimama kusoma kila mtu anakuona. Bandikeni ndani ya choo cha wanawake, nyuma ya mlango, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na muweke vikaratasi vidogo vya kuchana. Sisi tuliweka kumi, Jumapili ya pili vilikua vimebaki vinne.